Barua ya wazi kwa wenye dhamana: rejesho lisubiri, mama apumzike

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
na Wakurugenzi wa Halmashauri zote.

YAH: MAPUMZIKO NA AFYA YA AKILI YA WANAWAKE WALIOJIAJIRI

Waheshimiwa,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wa Temeke, jijini Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa 11 tangu nikabidhiwe daftari la kikundi, ambalo hukaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Ndani ya daftari hilo kuna safu ya hisa, safu ya mfuko wa jamii, safu ya marejesho ya mikopo na safu ya faini. Ninawaandikia kwa sababu ya jambo nililoliandika kwa mkono wangu katika safu ya faini, na kwa sababu nimekuja kutambua kwamba kosa lile limo pia katika masharti na mipango mnayoisimamia ninyi.

Ilikuwa Jumatatu, siku yetu ya rejesho. Mwenzetu mmoja, muuza supu na chapati, alifika akiwa amechelewa, mtoto wa siku 19 amefungwa kifuani kwa kanga. Katiba ya kikundi ilisema anayechelewa hulipa Sh 1,000, nami nikaiandika. Alipofungua fundo la kanga kutoa fedha ya rejesho, noti zilikuwa zimelowa maziwa yake. Nilizihesabu, zikatimia, nikazitandaza juu ya kifuniko cha sanduku ili zikauke. Kabla katibu hajamaliza kusoma yatokanayo na kikao kilichopita, mama yule alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea ukuta, mkono mmoja bado umeshika mgongo wa mtoto. Katiba yetu ilikuwa na faini ya kusinzia kikaoni pia, Sh 500, na hiyo nayo nikaiandika. Hakuna aliyenizuia. Wenzangu walicheka kidogo, naye alipozinduka akatuomba radhi.

Haikupita miezi miwili akakutwa ameketi juu ya ndoo nyuma ya meza yake ya biashara, moto umezimika, wateja wamesimama, ameshika noti ya Sh 5,000 na hawezi kuhesabu chenji. Hakuwa na homa. Wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema amelegea tangu ajifungue, na wapo waliouliza nani sasa atalipa sehemu yake, kwa maana mkopo wa kikundi ni dhamana ya wote. Ilichukua wiki kadhaa na safari nyingi za zahanati, malaria imepimwa na mkojo umepimwa, mpaka muuguzi mmoja alipomuuliza swali ambalo sisi wote hatukuwa tumemuuliza: mara ya mwisho ulilala usingizi wa kutosha lini? Alijibu kwamba ni kabla ya kujifungua, kisha akalia bila kunyamaza. Ilikuwa ni sonona, ile inayowapata wanawake baada ya kujifungua, na ilikuwa imekua kimya kimya huku sisi tukimdai. Sasa yuko kwa dada yake mkoani Tanga na anaendelea vizuri. Ameniruhusu nieleze habari hii bila kumtaja jina.

Naomba niieleze siku ya mama lishe kama ninavyoijua, kwa kuwa wengi wenu mnakutana naye saa 7 mchana tu, sahani ikiwa imeshapakuliwa. Huamka saa 9 usiku. Saa 10 alfajiri huwa ameshafika Soko la Ilala kwa bajaji aliyochangia na wenzake, kwa sababu nyanya na vitunguu vya bei nafuu huisha kabla jua halijachomoza. Saa 12 asubuhi chapati za kwanza lazima ziwe mezani, saa 6 mchana ni zamu ya wali na maharage, saa 10 jioni anasugua masufuria, na saa 12 jioni anafika nyumbani, ambako hakuna anayemhesabu kuwa ametoka kazini: kuna maji ya kuchota, sare za shule za kufua, mgonjwa wa kuangaliwa na chakula kingine cha kupika. Saa 5 usiku utamkuta akichambua maharage ya kesho. Mkitaka ushahidi, waangalieni wanawake hawa vidole vya mkono wa kushoto. Vimejaa makovu ya kisu, kwa sababu vitunguu vyao hukatwa usiku macho yakiwa yamefumba nusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni sheria yenye huruma, na ninaiheshimu. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Inataka mwajiriwa apate saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila wiki. Inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Na mwanamke akijifungua inampa siku 84 zenye malipo, ambazo huwa 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hata mfanyakazi anayelala kwa mwajiri wake, ambaye mapumziko yake ya usiku yanaweza kupunguzwa kwa makubaliano ya maandishi, sheria haikumshusha chini ya saa 8. Ninajua kwamba wako waajiriwa wengi, hasa wadada wa kazi za ndani, ambao haki hizi hawajawahi kuzionja, na jambo hilo linastahili barua yake. Lakini angalau wao wapo ndani ya sheria, na siku wakipata mtu wa kuwasemea kuna kifungu cha kukishika.

Mwenzetu yule hakuwa na kifungu cha kukishika, kwa sababu husemwa kwamba amejiajiri. Neno hilo linasikika vizuri majukwaani, kana kwamba anayejiajiri ndiye anayejipangia saa zake. Mimi ninayeshika daftari ninajua kwamba anaye mwajiri, na mwajiri huyo ni rejesho. Rejesho ndilo linalomwamsha usiku, ndilo linalomkataza kufunga meza mtoto akiwa na homa, ndilo linalomrudisha jikoni kabla kidonda cha uzazi hakijapona. Rejesho halina Jumapili, halina Idi, halina msiba, halina arobaini. Mwajiri wa namna hii angekuwa mtu mwenye ofisi, mkaguzi wa kazi angeshamfikia.

Nimeitaja arobaini kwa makusudi. Wapo wanaotujibu kwamba habari za mapumziko na afya ya akili ni mambo ya watu walioshiba, yaliyoletwa na mitandao, na kwamba mwanamke wa Kiafrika hajawahi kupumzika. Bibi zetu wa Pwani wangeshangaa kuyasikia maneno hayo. Mzazi alikaa ndani siku 40. Alikandwa kwa maji ya moto, alipikiwa uji wa pilipili manga, alinyang'anywa ufagio na mchi hata kama alijiona ana nguvu, na mume aliyemtuma kazi aliitwa na wazee. Kilimanjaro mzazi alitunzwa hadi miezi mitatu, akila mtori na nyama, na siku aliyotoka kwenda sokoni alitoka amependeza ili watu wote waone kwamba ametunzwa. Watu wale walikuwa maskini kuliko sisi. Waliona bila kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba mwanamke aliyetoka kujifungua anaweza kuvunjika, mwili na akili, na wakaufanya utunzaji wake kuwa wajibu wa ukoo mzima badala ya kumwachia mwenyewe aombe. Tulichopoteza ni hicho, na tumekipoteza mjini, katika vyumba vya kupanga, mbali na mama na shangazi, chini ya ratiba ya marejesho ya kila wiki.

Serikali yenyewe ililiona jambo hili mapema. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipozungumzia nani hasa anafanya kazi katika nchi hii, lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Imepita karibu miaka 60. Mabinti na wajukuu wa wanawake wale wamehamia mjini na saa zao ziko vilevile, isipokuwa sasa tunaziita upambanaji na kuzipigia makofi.

Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Kila mwaka ifikapo Machi 8 tunavaa vitenge vya sare, tunakaa chini ya maturubai, na wanaopewa vipaza sauti ni wale wanaosimulia jinsi wanavyolala saa tatu tu kwa usiku. Tunaambiwa usingizi hauleti hela. Tunaambiwa mwanamke ni jeshi kubwa, nami nakubali, ila jeshi lolote lenye kamanda anayejua kazi yake huwa na zamu za lindo na likizo za askari. Binti wa miaka 22 anayesikiliza hadithi hizo anaondoka akiamini kwamba akichoka, kasoro ni yake. Nimewaona wanaojifunza kuuficha uchovu kama watu wanavyoficha deni. Waheshimiwa, mnaposimama kwenye majukwaa hayo, na mnaalikwa mara nyingi, tafadhali msimsifu tena mwanamke kwa kutolala.

Sasa nije kwenye fedha, maana ndiko mamlaka yenu yaliko. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ni msaada mkubwa, na cherehani mbili za kikundi chetu zilinunuliwa kwa fedha hiyo. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, na kwa upande wetu mwanya ule ulijazwa na mikopo ya mitaani ya kausha damu. Sina haja ya kuwaeleza kausha damu ni nini; jina limejieleza. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, na Novemba 2024 ilitangaza programu na majukwaa 69 ya kidijitali yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Tunashukuru kwa hatua hizo. Lakini mtaani bado kuna anayekusanya rejesho la kila siku mlangoni, na bado kuna ujumbe wa simu unaoingia saa 8 usiku ukimtishia mwanamke kwamba jina lake litatumwa kwa kila mtu aliye kwenye simu yake. Mwanamke huyo hata akipanda kitandani halali. Analala na simu chini ya mto, na kila ikitikisika moyo unamwenda mbio.

Mkopo, hata ule mzuri usio na riba, unapimwa kwa vitu viwili tu: kiasi kilichotolewa na kiasi kilichorejeshwa. Ripoti zinazosomwa kwenye mabaraza ya madiwani zina takwimu hizo mbili. Kikundi kilichorejesha chote kinaitwa kikundi bora, na sisi tuliitwa hivyo mwaka uleule ambao mwenzetu alishindwa kuhesabu chenji.

Ninachoomba kwanza, na ndicho ninachokitaka kuliko vyote, ni kwamba siku 84 ambazo sheria inampa mwajiriwa aliyejifungua apewe pia mwanamke mkopaji. Katika mikopo ya halmashauri jambo hili linaweza kuandikwa kwenye kanuni na kwenye mkataba wa kikundi: mwanachama akijifungua, rejesho lake linasimama kwa siku 84, muda wa mkopo unasogezwa mbele kwa siku hizohizo, na wenzake hawalazimiki kumlipia. Fedha haipotei; inachelewa. Usitishaji huo uwahusu pia aliyeharibikiwa mimba, aliyelazwa, na aliyefiwa na mtoto au mume, kwa muda utakaopangwa kwa busara. Kwa wakopeshaji binafsi wenye leseni, Gavana anaweza kuliweka jambo hili miongoni mwa masharti ya kumlinda mkopaji, pamoja na katazo la kudai usiku, na kuwafikia wasio na leseni mitaani kama alivyowafikia wale wa mitandaoni.

Jambo la pili ni zahanati. Mwanamke aliyechoka akili haendi kusema kwamba amechoka akili. Anasema kichwa kinauma, presha inapanda, mgongo unawaka, sina hamu ya kula. Anapewa dawa ya maumivu na kurudi mezani kwake. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na tuna hospitali ya taifa ya Mirembe kule Dodoma yenye wataalamu wanaojua kazi yao, lakini mtaani jina la Mirembe limegeuzwa kuwa tusi, na hakuna muuza mboga atakayekubali aonekane anaelekea huko. Msaada inabidi umfikie pale ambapo tayari anakwenda, yaani kliniki ya mama na mtoto. Mtoto anapopimwa uzito, mama naye aulizwe maswali machache: unalala saa ngapi, unalia bila sababu, umewahi kuwaza kwamba ni afadhali usiwepo? Muuguzi yule wa zahanati hakuhitaji mashine yoyote. Alihitaji dakika chache na ujasiri wa kuuliza, na pengine foleni fupi kidogo, kwa sababu wauguzi nao ni wanawake waliokesha.

Wasiosadiki kwamba saa nyingi za kazi huua wanaweza kusoma tathmini ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021, iliyoonyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 ikilinganishwa na saa 35 hadi 40, na kwamba saa hizo nyingi zilihusishwa na vifo 745,000 duniani katika mwaka 2016. Mama lishe niliyemweleza anamaliza saa 55 kabla Alhamisi haijafika jioni.

La tatu linahusu masoko. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, na ninaelewa manufaa yake kwa nchi. Naomba tu kwamba kila panapopangwa soko la kutolala, apangiwe pia mwanamke wa soko hilo mahali pa kulala na pa kumlaza mtoto. Leo watoto wanalala kwenye maboksi chini ya meza, katikati ya magunia ya vitunguu na moshi wa mkaa. Chumba kimoja cha malezi chenye mlezi anayelipwa, kilichojengwa ndani ya soko kama vinavyojengwa vyoo na ofisi ya ushuru, kingempa mama saa mbili za usingizi mchana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeshapima matumizi ya muda katika tafiti zake za nguvukazi, na nchi yetu iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake wa Afrika, ambayo kifungu chake cha 13 kinataka kazi ya mwanamke nyumbani itambuliwe thamani yake ya kiuchumi. Kwa hiyo hesabu ya saa za mwanamke si ngeni serikalini, na ninaomba ifike mezani siku michoro ya soko inapopitishwa.

Sisi hatukukaa kusubiri. Tulikutana tukaifungua katiba ya kikundi na kufuta faini ya kusinzia. Mjadala haukuwa rahisi, kwa maana wapo waliohofia kwamba nidhamu italegea, na mmoja aliniuliza mbele ya wote kama ninataka kikundi kiwe cha wagonjwa. Usiku ule niliwaomba wanachama waseme kila mmoja alilala saa ngapi jana yake. Walicheka kwanza. Kisha mmoja akasema, na mwingine, na tulipofika mwisho wa duara hakuna aliyekuwa akicheka. Siku ya kikao tumeihamisha kutoka Jumatatu asubuhi hadi Jumatano jioni, mfuko wa jamii sasa unamlipia mzazi msaidizi wa kumfulia na kumchotea maji kwa siku 40, na nimechora safu mpya katika daftari, ya kuandika kila mwanachama amepumzika siku gani katika wiki. Bado ina nafasi nyingi zilizo tupu. Fedha zetu wenyewe tumeweza kuzipangia utaratibu huo, lakini mkopo unaotoka nje ya kikundi una masharti yake, na masharti hayo hatuna mamlaka nayo. Ninyi mnayo.

Sh 1,500 za faini nilizirudisha Tanga mwenyewe, pamoja na hisa za mwenzetu, maana hakutaka kuziacha tena. Alizipokea, akanikaribisha chai, na akaniomba nisimwonyeshe daftari.

Tunakutana kila Jumatano saa 10 jioni, chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi yetu ya serikali ya mtaa. Yeyote kati yenu, au afisa mtakayemtuma, akifika atakuta kiti, na nitamfungulia daftari ukurasa kwa ukurasa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina wa kikundi cha wanawake,
Temeke, Dar es Salaam